Suruali-Buti Hainunuliwi kwa Kusimama

Walisema sitaweza. Wa kwanza kusema alikuwa Salim, Mmombasa niliyepanga naye nyumba moja kule Hopkins, Marekani. Nilipomwambia nimepata kazi katika duka la nguo za kuingilia majini, nguo za wawindaji wa bata, alicheka mpaka akakiweka kikombe chini kisimwagike.

"We mbara wa Kondoa! Maji wayajua wewe? Maji uliyaona kwenye ndoo, tena ndoo yenyewe ya jirani."

Wa pili alikuwa kaka yangu Jumanne, kwenye simu. "Athumani, tumekusomesha ushonaji mpaka diploma. Leo unakwenda kuwavalisha watu mabuti?"

Wa tatu alikuwa mteja aliyenitazama siku yangu ya kwanza, kisha akauliza kwa upole kama dukani hakuna mtu mwingine, mtu aliyewahi kuona ziwa.

Vijana wangu, niliweza. Najisifu, na sababu ninayo. Nilistaafu nikiwa mkuu wa chumba cha kujaribishia nguo, na watu walikuwa wakiendesha gari kutoka karibu na mpaka wa Kanada, wakifika wanasema, "Tunamtaka yule Mtanzania." Sasa nimerudi Kondoa, nina duka la mabuti na makoti ya mvua, na diploma yangu iko ukutani ndani ya kioo, juu ya cherehani. Mnakuja kuniuliza Marekani ikoje. Marekani mtaiona wenyewe mkijaliwa. Mimi nitawafundisha jambo moja ninalolijua vizuri kuliko watu wengi wa huku na wa kule: kuchagua nguo ya kukutana na maji baridi.

Nguo yenyewe kule huitwa weda. Mimi niliiita suruali-buti, na jina likashika kwa Waswahili wote wa Hopkins, hata wasiowinda. Ni suruali inayoanzia kifuani, ina kanda za mabegani, na chini inaishia kwenye mabuti, kipande kimoja kisichopitisha maji. Mwindaji wa bata huivaa akaingia kwenye kinamasi alfajiri, mwisho wa vuli ya kule, kabla ya theluji, maji yakiwa karibu kuganda. Halafu anasubiri. Hatembei, hakimbii, anasubiri bata. Hapo ndipo penye kazi yetu. Mtu anayetembea hujipasha joto mwenyewe. Anayesubiri ndani ya maji anaitegemea nguo yake tu, na aliyemchagulia.

Duka letu lilikuwa katika mji wa Savage, upande wa mtoni, katikati ya maghala. Mwenye duka alikuwa Doris, mjane mwenye sauti ya mpiga mnada. Nilimwita Mama Doris naye akalikubali, akasema ni mara ya kwanza mfanyakazi wake kumpa cheo.

Juma langu la kwanza alikuja bwana mmoja mrefu, mwembamba, mtu wa ofisi za Golden Valley. Akanunua suruali-buti ya neoprini, ule mpira mzito wenye vitundu vya hewa ndani kama sponji. Alipoivaa alikuwa kama gunzi ndani ya gunia. Mimi fundi mwenye diploma, niliyelelewa na walimu waliosema nguo isiyomkaa mtu ni aibu ya fundi, sikuvumilia. Nikamwambia aiache, arudi Alhamisi. Nikaipunguza kiunoni, nikaibana mapajani, nikapitisha mshono maradufu ulionyooka kama reli. Alhamisi alipoivaa, jamani, ilimkaa! Alijigeuza mbele ya kioo kama bwana harusi.

Jumatatu akairudisha ndani ya mfuko, ikitona maji. Doris aliitundika nyuma ya duka, akaingiza mpira wa bomba kifuani, akafungua maji. Maji yakatoka kwenye mishono yangu yote, mistari miwili miwili, kama ndoo ya kumwagilia bustani.

"Mshono mzuri sana," akasema. "Kila tundu liko mahali pake."

Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Mtu mwingine angenifukuza. Yeye alinipa gundi na utepe, akasema nizibe tundu moja moja. Nilipomaliza nilikuwa najua kuziba kuliko mtu yeyote pale dukani. Na hilo mniandikie.

Lakini yule bwana alikuwa amelalamika jambo la pili ambalo sikulielewa. Alisema hata kabla ya maji kuingia, miguu ilikuwa imekwisha kufa ganzi, na hakuweza kupiga goti. Nikabisha. Kwetu mtu akisikia baridi hujikazia shuka mwilini. Nguo iliyobana itakosaje kutia joto?

"Hujayajua maji baridi," Doris akaniambia. "Jumapili Arne atakupeleka."

Arne alikuwa fundi wa mabasi mstaafu. Alifika dukani kila Jumamosi kunywa kahawa ya bure na kuzikosoa bidhaa. Nilimwita Mzee Arne, akadhani ni cheo cha jeshi, akakipenda. Alikuwa na suruali-buti mbili, akaniazima ile ya zamani. Doris akaniazima koti la marehemu mumewe, akalifunga kifungo cha juu kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kidogo bila kukiachia. Zikabaki soksi. Salim alikuwa na jozi moja ya sufu nene, alizokuwa akizivaa kwenye shifti zake za kuendesha teksi, akizitunza kama mahari.

"Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako," akaniambia, akizishika bado. "Lakini heri matako yakae wazi kuliko vidole vikatwe. Shika. Na uzirudishe, mbara, si unipe hadithi."

Basi niliingia kinamasini nikiwa na vitu vya watu mwili mzima. Changu kilikuwa ubishi. Kwa ubishi huo nilivaa soksi mbili za pamba, juu yake za Salim, na suruali ya jinzi ndani. Buti liliingia kwa kusukumwa.

Tulikaa kwenye matete. Mbele yetu Arne alikuwa ametandaza majini bata wa plastiki, waliopakwa rangi vizuri.

"Mzee, bata wazima wanadanganywa na plastiki?"

"Watu wanadanganywa na nini?" akajibu, akaendelea kutazama juu.

Baada ya muda mfupi sikuwa na miguu. Nilikuwa na mapaja, chini yake kitu kama mawe ya watu wengine. Arne akageuka.

"Kunja vidole."

"Havikunjiki."

"Kwa sababu umejaza kila nafasi. Joto utaliweka wapi? Nalo linataka mahali pa kukaa."

Alisema kwa Kiingereza, mimi nikasikia kwa Kiswahili, na neno likanigonga. Kukaa! Sisi nguo ikimpendeza mtu husema imemkaa. Miaka yote nilikuwa nashona nguo ziwakae watu. Sikuwahi kujiuliza kama watu wenyewe wanaweza kukaa ndani yake.

Arne alinipeleka nchi kavu, akanivua buti akiwa amepiga goti kwenye tope, mzee wa umri ule. Akatupa pembeni soksi zangu za pamba, akaniacha na za Salim peke yake. Tukarudi majini. Vidole vikapata nafasi, vikacheza, na joto likaanza kurudi taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Nilitokwa machozi. Arne akasema ni upepo, nami nikakubali kuwa ni upepo.

Kuanzia juma lile niliweka kigoda kifupi katika chumba cha kujaribishia, na hakuna aliyenunua kwa kusimama. Nilikuwa nawaambia "Kaa!" kwa Kiswahili, mkono ukionyesha kigoda. Wazungu wakalishika neno. Kuna waliofungua mlango wakipaza sauti, "Nimekuja kukaa!" Mteja alikaa, akapiga goti, akaweka mguu mmoja juu ya benchi kama anayepanda mtumbwi. Goti likikataa, hatutazami bei wala rangi, tunachukua nyingine. Ndani ya buti, akiwa na soksi ya sufu, vidole lazima vicheze kama vinapiga kinanda. Lakini kisigino kisipande sana, maana tope la kinamasi lina tamaa. Buti likilegea mno, tope litabaki nalo, wewe uondoke na mguu.

Wengi walikuja wakiuliza ipi nzuri. Hakuna nzuri, kuna ya kazi yako. Yule wa Golden Valley alirudi baada ya mwaka, mtu mwungwana, nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza mwanzo: "Ukifika huko, unatembea au unaketi?" Akasema anatembea sana, anafuata vijito. Basi neoprini haikuwa yake hata siku ya kwanza. Nikampa ya kitambaa chepesi kinachopumua, avae nguo za sufu ndani na kupunguza akisikia joto. Mtembezi akivaa mpira mzito hutoka jasho, na jasho ni maji kama ya mtoni, tofauti yake ni kwamba umeyaleta mwenyewe. Akisimama tu, linamgandisha. Anayeketi na kusubiri ndiye apewe neoprini nene, na buti liwe limeungwa na suruali, lenye manyoya au sponji ndani. Zile zinazoishia kwenye soksi ya mpira, ukavalia kiatu juu yake, ni tamu kwenye mawe. Kwenye tope na kamba za kiatu zilizoganda, utazichukia.

Pamba ikatazwe kabisa miguuni. Pamba ikilowa hailisahau jambo hilo siku nzima.

Mkanda wa kiunoni usiuache kwenye boksi. Niliwahi kumwona kijana mmoja mwenye nguvu akiurudisha kaunta, ati unamfanya aonekane mnene. Nikamwambia, "Ukiteleza bila mkanda, maji yatajaa mpaka vidoleni, na hapo utakuwa mnene kweli." Akaufunga hapo hapo.

Na kwa wazee, zipu ya mbele. Msicheke. Mwanamume amekunywa kahawa chupa nzima, amevaa suruali inayoanzia kifuani, kanda ziko chini ya koti, vidole vimekufa ganzi. Nimewaona watu wazima wakicheza ngoma ambazo hazina jina. Nilikuwa nawauliza kwa heshima, "Bwana, kahawa unakunywa?" Wenye akili walielewa, wakalipia zipu.

Ukitaka kujua kama inavuja, usingoje kinamasi. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ndani yake, zungusha. Tundu litang'aa kama nyota. Ukimaliza msimu, itundike miguu juu, mbali na hita, wala usiikunje. Inakatika kwenye mikunjo, kama undugu.

Haya yote niliyajua, nikawa maarufu, na siku za kurudi nyumbani zikakaribia. Nilikuwa nimekwisha uza gari. Ndipo Karin, binti yake Arne, akaja dukani peke yake. Ni mwalimu, mwanamke mpole. Siku hiyo hakuvua hata kofia.

"Ukimuuzia baba yangu nguo nyingine ya majini na miguu yake ikapatwa na jambo, nitakulaumu wewe."

Akanieleza. Arne alikuwa ameugua, damu haifiki vizuri vidoleni. Vuli iliyopita alirudi na vidole vyeupe kama chaki, kimoja kikafanya kidonda kilichochukua miezi kupona. Daktari amesema baridi nyingine kama ile, huenda wakakata. Wamekubaliana, baba na binti: atakwenda mara moja. Akirudi na miguu baridi, bunduki zinauzwa, na kinamasi ndiyo basi.

Arne naye akaja Jumamosi. Hakugusa kahawa.

"Niketi dirishani, Athumani? Nihesabu bata wa watu?"

Nikautazama mguu wake, mguu wa mzee aliyewahi kunipigia goti kwenye tope.

Alitaka ile yake ya zamani, nyembamba, iliyozoea mwili. "Imenikaa," akasema kwa Kiswahili, akijua ananichokoza.

"Ndiyo shida yake," nikamwambia. "Njoo jioni."

Kwa nini jioni? Kwa sababu miguu ya mzee mwenye maradhi yale asubuhi ni myembamba, jioni imevimba. Ukimpimisha asubuhi, adhuhuri buti litamkaba na damu kidogo iliyopo itakosa njia. Nikachagua neoprini nene kuliko zote tulizokuwa nazo, buti la kuungwa, lenye joto, lenye nafasi ya ziada mbele. Kisigino kikatulia, vidole vikacheza. Soksi moja nyembamba, juu yake moja ya sufu, basi. Zipu ya mbele, bila mjadala. Chini nikatandika soli ya sufu iliyoshindiliwa, maana baridi nyingi humla mtu kupitia nyayo.

Ikabaki shida kwenye vigimbi. Hakuna saizi dukani iliyomwachia nafasi pale bila kuwa gunia kwingine kote. Hapo, vijana, ndipo diploma ilipofanya kazi yake. Niliipasua suruali kwenye vigimbi vyote viwili, nikakata pembetatu mbili za neoprini, nikaziingiza kama tunavyoongeza marinda ya gauni. Sikushika sindano! Gundi, utepe ndani, utepe nje, na mawe ya kukandamizia usiku kucha. Doris aliitundika, akaijaza maji, akaizunguka pande zote. Halikutoka hata tone.

"Mshono mbaya," akasema. "Hauna tundu hata moja." Nikajua amenisifu.

Tukamkalisha Arne kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la barafu, akasikiliza mpira redioni tangu mwanzo mpaka mwisho. Karin alisimama mlangoni, mikono kifuani. Miguu ilitoka na joto. Yeye hakutabasamu.

"Beseni si kinamasi," akasema. Alikuwa na haki.

Siku ya siku, Salim alinipeleka kwa teksi yake kwa kuwa sikuwa na gari, akilalamika njia nzima kwamba bata hao hata akipewa hatawala, maana mpigaji hasemi bismillahi. Doris alifika na kahawa. Karin alimleta baba yake. Wakabaki wote watatu kwenye maegesho, upepo ukiwapiga, nasi wawili tukaingia kwenye matete. Nilikuwa nimemtengenezea Arne kiti chenye ubao wa kuwekea miguu, isizame kwenye tope. Akakaa. Nikakaa kando yake.

Kila baada ya muda nilimwambia, "Kunja vidole."

"Vinakunjika."

"Kunja tena."

"Athumani, unawafukuza bata."

Bata walikuja, kundi zuri, chini chini. Arne akapiga, akakosa, akapiga tena, akakosa wote. Akatukana kwa Kinorwe cha bibi yake, uso umejaa furaha. Sikuwahi kuona mtu akikosa kwa raha namna ile. Mimi nilikuwa siangalii juu. Nilikuwa naangalia mabuti yake, na moyo wangu ulikuwa ndani yake, kwenye vidole.

Tulipotoka, aliketi nyuma ya pikapu ya Karin, kwenye ubao ulioshushwa. Karin alipiga goti, akavuta buti la kwanza, akatoa soksi ya sufu, akatoa ile nyembamba. Akavua glavu yake, akaushika mguu wa baba yake.

Salim hakuvumilia. "Ehe, dada? Vipi? Una moto?"

Karin alivua glavu ya pili, akaleta na mkono ule mwingine, akaufunika mguu kwa viganja vyote viwili, akavikaza. Hakuwa akiupima tena. Asubuhi nzima alikuwa amesimama kwenye upepo, mikono yake imekuwa ya buluu. Alikuwa anajipasha joto.

"Hebu itoe," Arne akasema. "Unanitia baridi."

Hakuitoa. Kichwa chake akakilaza kwenye goti la baba yake, na mzee akatazama mtoni kana kwamba kule kuna jambo.

Nami nilikuwa nimekuja na mfuko. Nikatoa koti la marehemu, lile lililokuwa kwangu tangu Jumapili ya kwanza, nimelitia bitana mpya, nyekundu, kwa mshono wangu ule wa reli, mahali ambapo mshono unaruhusiwa. Doris alilivaa juu ya koti alilokuwa nalo, akafunga kifungo cha juu. Nikatoa jozi mpya ya soksi za sufu, nene, za kijivu. Salim akazigeuza ndani nje, akazinusa.

"Zangu hazikuwa hizi."

"Zako zilikwisha, Bwana Salim. Zilinifikisha hapa."

"Haya, mbara," akasema, akiwa ameshainama kuzivaa pale pale. "Maji wayajua."

Mabuti ya zamani ya Arne nilikuwa nimeyarudisha zamani. Lakini joto alilonipa siku ile lilikuwa bado deni kwangu, na sasa lilikuwa miguuni mwake, na mikononi mwa binti yake. Mzee akasogea kwenye ubao wa pikapu, akapiga kofi nafasi iliyobaki.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Mwilini sikuwa na cha mtu.